Mbegu ya Mchuzi wa Haeju

Kila asubuhi, kabla chungu cha wali hakijaanza kuchemka, Bun-rye alitoka uani kufunua mitungi yake. Jua likiwaka, alifunua vifuniko. Wingu likionekana mlimani, alikimbia kuvifunika. Wakati wote huo alizungumza na mitungi, kama watu wengine wanavyozungumza na kuku wao. Sisi majirani tulishazoea.

Hapa Dokgol tunaishi kwa udongo. Mume wa Bun-rye, Ma Chil-bong, alikuwa mfinyanzi. Hakuajiriwa na mtu. Udongo alichimba mwenyewe, mitungi alifinyanga mwenyewe, tanuri aliwasha mwenyewe, na wanunuzi wasipokuja alinuna mwenyewe. Mitungi ya uani ilitoka mikononi mwake: wa kimchi, yaani kabichi ya kuchachushwa, wa pilipili, wa maharage ya soya, wa chumvi.

Mmoja tu haukuwa wake. Ulikuwa mdogo, mweusi, umemeguka mdomoni. Ulitoka Haeju, upande wa kaskazini wa Korea. Wakati wa vita, mama yake Bun-rye aliubeba kichwani, akamshika binti yake mkono, wakavuka kuja kusini. Baba alibaki kuangalia nyumba. Alisema atafuata mambo yakitulia. Mpaka ukafungwa. Mambo yalitulia, lakini mpaka haukufunguka.

Ndani ya mtungi ule mlikuwa na mchuzi wa soya, mweusi kama lami, uliotengenezwa na bibi yake Bun-rye. Kila mwaka Bun-rye alitengeneza mchuzi mpya, akauongeza juu ya ule wa zamani. Hivyo mchuzi wa Haeju haukuisha. Tunauita mbegu, kwa sababu ukitia kidogo katika mchuzi mpya, mchuzi mpya hupata ladha ya ule wa kale. Kabla ya kufa, mama alimwambia, "Nyumba tuliiacha. Ladha ya nyumba imo humu. Usiache ikauke."

Jioni, kazi zikiisha, Bun-rye alichovya kidole, akalamba, akafumba macho. Binti yake mdogo, Suk-hui, alimwuliza anaona nini akifumba macho. Alimjibu kwamba anaona mlango wa nyumba yao ya zamani, na baba yake akivua viatu.

"Uso wake unauona?" Suk-hui aliuliza.

"Uso siuoni tena. Viatu tu."

Basi, mchuzi huo Bun-rye aliupenda kuliko kitu chochote uani, lakini hakuwa mchoyo nao. Aliyefaidi zaidi alikuwa Mama Tae-gil, jirani yake mwenye nyumba ya kuuza supu ya tambi pale basi linaposimama. Mama huyu alikuja na bakuli asubuhi, akaja na bakuli jioni. Watu walisema supu yake nusu ni maji na nusu ni Bun-rye.

"Mwenzangu, bakuli lako linakua kila mwezi," Bun-rye alimtania.

"Linakua kwa sababu linalishwa vizuri," alijibu Mama Tae-gil, akalisogeza karibu zaidi.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, Mama Tae-gil alimwoza mwanawe Tae-gil. Siku ya harusi hakuja na bakuli, alikuja na ndoo. Bun-rye alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamjazia.

Harusi ilifana. Lakini kwa Chil-bong mwaka ulianza vibaya. Sokoni yalijaa mapipa ya plastiki, mepesi, ya rangi za kuvutia. Wanawake waliyabeba kwa mkono mmoja. Tena walinzi wa misitu walikataza kukata misonobari, na mitungi yetu ya asili hula kuni. Sisi huipaka maji ya majivu na udongo laini, kisha tanuri huwaka mchana na usiku, siku baada ya siku, mpaka ndani kuwe kweupe kwa moto. Bila kuni za kutosha hakuna mtungi.

Ndipo akaja mchuuzi mmoja na gari dogo. Hakuna aliyemjua jina, na baadaye hakuna aliyemwona tena. Aliuza unga mwekundu katika magunia. Alimwambia Chil-bong autie kwenye maji, apake mitungi, achome kwa moto mdogo. Kuni kidogo tu, na mtungi utang'aa kama kioo.

Chil-bong alijaribu. Akakoroga kwa mkono mtupu, kama alivyokoroga majivu miaka yote. Alipofungua tanuri, mitungi iling'aa sana hata Suk-hui aliona humo meno yake mwenyewe.

Wanunuzi walirudi. Kwetu mvua kubwa hunyesha kiangazi, na huo ni wakati wa njaa kwa mfinyanzi, maana mitungi haikauki na barabara ni tope. Mwaka ule Chil-bong alinunua nyama ya ng'ombe mvua ikinyesha. Sisi tuliisikia harufu, tukajadili hadi tukachoka.

Ikafika siku ya kumkumbuka mama mkwe wake. Chil-bong hakuwa mtu wa maneno matamu. Alitoka kibandani amebeba mtungi mmoja mzuri kuliko yote aliyowahi kufinyanga. Ulikuwa mwekundu wa kahawia, na ubavuni amechora ua kwa kidole. Akautua mbele ya mkewe.

"Mama amekaa kwenye jumba bovu siku nyingi," alisema. "Mhamishie hapa."

Bun-rye alilia. Akaumimina mchuzi wa Haeju polepole, asidondoshe hata tone. Akafunga shingoni mwa mtungi kamba ya majani ya mpunga, akachomeka vipande vya makaa na pilipili nyekundu, kama tunavyofanya ili mabaya yasiingie. Mtungi mweusi wa zamani akaupeleka nyuma ya tanuri, akaufudikiza.

Mabaya hayakuhitaji kuingia. Yalikuwa yamepakwa kwenye ukuta wa mtungi wenyewe. Lakini nani angejua?

Kesho yake Mama Tae-gil alikuja na bakuli. Kwa mara ya kwanza Bun-rye alisita. Alisema mchuzi umehama jana tu, uachwe utulie. Mtungi kama ule haufunguliwi ovyo ovyo.

Mama Tae-gil aliutazama mtungi, akamtazama na mwenye mtungi.

"Kumbe siku hizi mchuzi ni wa kuangaliwa," alisema. "Basi nimeuona. Asante."

Akaondoka na bakuli tupu. Hakurudi tena. Bun-rye naye hakumfuata, maana kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Tangu hapo, mchuzi wa Haeju uliliwa nyumbani kwa Bun-rye peke yake, na zaidi na Suk-hui, ambaye hakula wali bila kijiko cha mchuzi juu yake.

Vuli ilipofika, kila nyumba ilijiandaa kutengeneza kimchi ya kula msimu wote wa baridi. Huo ndio msimu wa mfinyanzi. Mitungi ya Chil-bong ilikwisha kabla haijapoa vizuri. Lakini yeye mwenyewe alianza kuugua. Tumbo lilimkata hadi akajikunja. Choo kilikuwa kigumu kupata. Alikasirikia watu kwa neno dogo. Alikunywa dawa za mizizi, haikusaidia.

Watu walisema, na sisi tulisema pia. Wengine walidai kwamba ni pombe ya mchele. Wengine walisema mama mkwe hakupenda kuhamishwa nyumba.

Kisha siku moja, akiwa kwenye gurudumu la kufinyangia, mkono wake wa kulia ulilegea kuanzia kifundoni, ukaning'inia kama nguo iliyolowa. Akautazama. Akajaribu kuuinua. Haukuinuka. Suk-hui naye alikuwa amepauka, hachezi, anashika tumbo. Na wanawake wakaanza kuja na lawama: kimchi katika mitungi ya kung'aa inalainika na kunuka kabla ya wakati wake.

Baridi ilipokaza, udongo uliganda na kazi zikasimama. Muuguzi Seol wa kituo cha afya alikuja na baiskeli yake kuwachanja watoto. Kila mwaka huwachanjia nyumbani kwa Mama Tae-gil, kwa sababu sakafu yake hupashwa moto toka chini na hutosha kijiji kizima. Bun-rye hakutaka kukanyaga pale. Chil-bong ndiye aliyempeleka Suk-hui.

Mama Tae-gil alikuwa na kinyongo na mke, si na mume. Akampa Chil-bong bakuli la tambi. Chil-bong akashika vijiti. Vikaanguka. Akaviokota, vikaanguka tena.

"Ndugu yetu, umelewa hata jua halijazama," mtu mmoja alisema, na nyumba nzima ikacheka.

Muuguzi Seol hakucheka. Aliweka sindano chini, akamwomba Chil-bong anyooshe mikono mbele. Wa kushoto ulisimama. Wa kulia ulilala. Akamwomba afungue kinywa. Kwenye fizi, chini ya meno, palikuwa na mstari wa rangi ya buluu iliyokolea.

"Kaka Chil-bong, mitungi yako unaipaka nini?"

Alimweleza habari za unga mwekundu. Siku iliyofuata muuguzi aliwapeleka baba na mtoto hospitali ya wilaya, wakapimwa damu. Alichukua pia unga kidogo. Na kwa kuwa Suk-hui hakuruhusiwa kukaribia tanuri, muuguzi aliuliza mtoto anakula nini kila siku. Alipojibiwa, akachukua chupa ndogo ya mchuzi kutoka kwenye mtungi wenye ua.

Majibu yalipokuja, muuguzi hakuyasema njiani. Aliomba wanawake wote wakutane. Nyumba ya kukutania ilikuwa moja tu. Bun-rye aliingia kwa Mama Tae-gil, akakaa karibu na mlango, hakumtazama mtu.

Muuguzi alieleza taratibu. Ule unga una madini ya risasi. Risasi ni sumu. Haina harufu, na ulimi hauwezi kuitambua. Mfinyanzi huipata akiikoroga kwa mkono, akivuta vumbi lake, au akila bila kunawa. Vumbi hilo huingia nyumbani kwenye nguo zake. Mtungi uliopakwa unga huo na kuchomwa kwa moto mdogo hauizuii sumu isitoke. Ukiweka ndani kitu chenye chumvi au kilichochachuka, kama kimchi, siki au mchuzi wa soya, huinyonya sumu kutoka ukutani polepole.

"Na kinachomwumiza mtu mzima kidogo, humwumiza mtoto sana," alisema. "Humpunguzia damu. Humdumaza mwili na akili. Mwenye mimba humpitishia mtoto tumboni. Atakayekuwa na mtungi wa namna hiyo, asiutumie tena kwa chakula. Na kama ameshautumia, alete watoto wapimwe."

Mwanamke mmoja aliuliza kama kuusugua kwa majivu kutasaidia. Muuguzi alisema hapana.

Bun-rye ndipo akainua kichwa.

"Na mchuzi wenyewe je? Nikiuchemsha?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, dada. Risasi haifi. Ukichemsha, maji yatapungua, sumu itabaki palepale."

"Nikiuchuja kwa kitambaa kizito?"

"Itapita."

"Kidogo tu. Kijiko kimoja cha mbegu, nikitie kwenye mchuzi mwingi mpya."

Muuguzi alijua mchuzi ule ulitoka wapi. Kila mtu hapa alijua. Akasogea, akakaa chini karibu naye.

"Mama Suk-hui," alisema, "mtoto wako atakula huo mchuzi mpya?"

Bun-rye aliinuka. Alivaa viatu akatoka.

Hospitali ilikuwa imempa Chil-bong dawa. Walimwambia asiuguse tena ule unga, na mkono ungerudi polepole. Suk-hui damu yake ilikuwa na risasi, ila haijazidi sana. Ale chakula bora, asile kitu cha mtungi ule, apimwe tena.

Ilibaki kuumwaga mchuzi. Muuguzi alikuwa ameonya usimwagwe shambani, wala mtoni, wala karibu na kisima. Chil-bong alichimba shimo refu nyuma ya tanuri, kwa mkono mmoja. Bun-rye alikataa kusaidiwa kuubeba mtungi. Alifika shimoni, akafunua. Harufu ikapanda ileile, tamu, nzito. Kidole chake kilitoka chenyewe kwenda kwenye mchuzi. Akakishika kwa mkono wa pili.

"Mimi ndiye niliyemhamisha," Chil-bong alisema.

"Sote tulipenda kile kinachong'aa," mkewe alijibu.

Akamimina. Mchuzi ulishuka bila sauti. Alipomaliza alifumba macho. Suk-hui alimshika sketi, akamwuliza anaona nini.

"Sioni kitu," alisema.

Mtungi ukavunjwa na kufukiwa humo humo, pamoja na unga uliobaki.

Wakati wa baridi uliobaki, Chil-bong alifanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alichukua mkokoteni, akapita nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, kwa watu aliowauzia. Aliwaambia ukweli mlangoni, akachukua mitungi yake, akaahidi mingine. Wapo waliomtukana. Alikubali. Wapo waliompa chai ya shayiri. Alikubali pia. Jioni alirudi na vigae mkokoteni na uso umeshuka.

Bun-rye aliendelea kutoka uani asubuhi, lakini hakuzungumza na mitungi tena. Alifunua, akafunika. Ua ulikuwa kimya hata sisi tuliopita barabarani tulipunguza sauti.

Suala la kuni lilipata jawabu kwa wenzake. Wafinyanzi watatu walikubaliana kuchoma pamoja katika tanuri moja, badala ya kila mtu kuwasha lake. Walikusanya matawi ya bustani za matunda yaliyokatwa, na mabaki ya mbao kutoka kiwanda cha mbao. Hawakugusa msonobari wa mtu. Walirudia maji ya majivu na moto mkali. Walipofunga mlango wa tanuri walichora msalaba kwa udongo, kama babu zetu, wakakaa kusubiri.

Mitungi ilitoka haina mng'aro mwingi, rangi yake kama udongo uliolowa mvua. Chil-bong aligonga mmoja kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama kengele. Siku hizi wanawake wetu hawanunui mtungi bila kuugonga, wala bila kumwuliza mfinyanzi ameupaka nini na ameuchoma kwa moto gani. Mlio peke yake hautoshi. Lazima uulize, na ununue kwa mtu unayemjua.

Mwezi wa kutengeneza mchuzi ukarudi. Bun-rye alisafisha maharage yake yaliyochachuka na kukauka, akapima maji ya chumvi kwa kuelea kwa yai, kama mama yake alivyomfundisha. Alitoa mtungi mweusi nyuma ya tanuri, akauosha, akauweka mahali pake. Utakuwa mchuzi mzuri tu, alimwambia mumewe. Utakuwa mchuzi wa hapa.

Ndipo lango likagongwa. Mama Tae-gil alisimama pale, ameshika bakuli lake kwa mikono miwili. Safari hii lilikuwa limejaa.

"Usiniulize kitu," alisema. "Nimekuja kurudisha."

Alieleza kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatishwa. Ile ndoo ya harusi haikuisha. Kilichobaki alikimimina katika mtungi wake mkuukuu, juu ya mchuzi wake mwenyewe. Tangu siku ile aliyonyimwa hakuongeza chochote kutoka kwa Bun-rye, na mtungi wenyewe ulitoka kwa nyanya yake, umepakwa majivu. Hata hivyo alimpelekea Muuguzi Seol chupa, ikapimwa. Majibu yalikuja jana: safi, hakuna risasi. Asingethubutu kuja kabla ya majibu.

"Kwa hiyo zile hasira zako ndizo zilizouokoa," Bun-rye alisema, akilipokea bakuli.

"Hasira zangu na tamaa yangu. Ningekuwa na bakuli dogo, leo tungekuwa tunalia wote."

Bun-rye alichovya kidole. Akalamba. Akafumba macho. Chil-bong na Suk-hui walimtazama kinywa.

"Umetia chumvi nyingi," alisema mwishowe, na machozi yakamtiririka.

"Supu inataka chumvi, mwenzangu."

"Mama," Suk-hui aliuliza, "unaona nini?"

"Viatu," Bun-rye alisema. "Viko palepale."

Akaimimina mbegu ndani ya mtungi mweusi, na mchuzi mpya ulipoiva akauongeza juu yake.

Sasa ni kiangazi kingine. Mkono wa Chil-bong umerudi. Asubuhi anashika vijiti, na mchana anafinyanga, ingawa mitungi mikubwa bado anasaidiwa. Suk-hui amepimwa tena, na muuguzi ameridhika. Anacheza hadi anafukuzwa aende kula. Kila mtungi wa mchuzi unaotoka kwa Chil-bong, Bun-rye humpa mnunuzi na chupa ndogo ya mbegu ya Haeju. Amewaambia wakiishiwa waje, na yeye akiishiwa atakwenda kwao.

Na kila asubuhi ukipita barabarani utamsikia anazungumza na mitungi. Utamsikia pia akipiga kelele kwamba lile si bakuli, ni beseni. Kisha utasikia mchuzi ukimiminwa, na Mama Tae-gil akimwambia ajaze, asione haya.